Kulungu wa Ukutani

Mlango wa ofisi ya uchunguzi ulifunguliwa bila hodi. Anselm Brodhag aliinua macho, lakiri, nta ya kupigia muhuri, ikiendelea kudondoka mezani. Mlangoni alisimama mzee mrefu, tope hadi magotini, furushi la ngozi limefungwa mgongoni kwa kamba. Hakuwa mtu wa Lauterau. Katika mji ule mdogo Anselm aliwatambua watu hata kwa kofia zao, na kofia ile hakuwahi kuiona.

"Nimeambiwa kichwa kiko hapa," alisema mzee.

"Kichwa cha nani?"

"Cha Babu. Msikifunge kwanza. Nimetembea toka Jumapili nije nikiage."

Anselm hakushangaa. Tangu Januari watu walikuwa wakija kwa sababu hiyohiyo, wengine wakiwa na watoto wao. Babu wa Lauter alikuwa kulungu dume wa kwenye picha, na picha ile ya chapa ilining'inia katika kila nyumba mjini, juu ya meza ya chakula. Nakala moja ilikuwa hapa ofisini, kando ya dirisha. Ilionyesha bwawa dogo chini ya mwaloni mkongwe, miamba yenye kuvumwani, ukungu, na majike wawili wamelala. Katikati yao Babu alikuwa ameinua kichwa kutoka majini, kama mtu aliyesikia akiitwa jina. Pembe zake zilitanda pamoja na matawi ya mwaloni, hata jicho likakawia kujua mti unaishia wapi na mnyama anaanzia wapi. Alikuwa na kasoro moja tu. Kulungu dume wengine wana tawi la kwanza la pembe linalochomoza mbele, juu ya kila jicho. Babu, upande mmoja, alikuwa na kisiki. Watoto wa Lauterau walimtakia usiku mwema kabla ya kwenda kulala.

Kisha katika Januari ile ya mwaka 1824, askari wa msitu Bertold Zinck akafukua kichwa chenye kisiki kilekile chini ya tanuri la Veit Kressel, mchoma makaa. Kumuua mnyama wa Mtawala lilikuwa kosa kubwa. Veit alihukumiwa miaka minane ya minyororo katika gereza la Hohenfels, na gari la wafungwa lingeondoka Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatano. Anselm, mpelelezi wa mahakama, alikuwa ameachiwa kazi moja: kukitia kichwa sandukuni, kukipiga muhuri, na kukituma kwa Mtawala.

"Tazama, mzee. Lakini usikae sana."

Mzee alivua kofia. Akainama juu ya sanduku, akapitisha mkono polepole kwenye pembe ya kushoto, akagusa kisiki, akahamia pembe ya kulia. Hapo mkono ukasimama. Alipoinuka, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Siye," alisema.

"Unasema?"

Mzee aliuma mdomo. "Sikusema kitu. Macho ya uzeeni haya. Fungeni tu."

"Umesema siye." Anselm alisimama. "Mzee wangu, mtu anapelekwa kwenye minyororo kwa ajili ya kichwa hiki. Mkewe husimama pale mlangoni kila asubuhi na mkate wake kwenye kitambaa. Kama siye, niambie."

"Veit ninamjua. Amenipa supu yake mara nyingi kuliko ndugu zangu."

"Basi sema."

"Nikisema, nitamwokoa mmoja na kumuua mwingine." Akavaa kofia yake. "Ngoja nifikiri. Niko kwenye nyumba ya wageni ya Dubu Mweusi. Ihle, jina langu. Kaspar Ihle."

Mlango ukafungwa. Anselm akageukia ukuta. Chini ya picha, kwenye kona, kwa maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, lilikuwa jina hilohilo.

Jambo la kwanza alilofikiri halikuwa zuri kwa mzee. Ihle alikuwa amekula supu ya Veit. Mtu mwenye shukrani anaweza kusema uongo kwa moyo mweupe kabisa. Anselm alichukua kichwa, akakisogeza mpaka chini ya picha, akalinganisha. Kisiki kushoto kwa mnyama, na kwenye picha kushoto. Tawi zima kulia, na kwenye picha kulia. Hakuona tofauti hata moja. Kama mzee alikuwa mwongo, uongo wake ulikuwa mbaya, maana ushahidi ulikuwa ukutani kwa kila mtu.

Hata hivyo alimwita Zinck.

Askari wa msitu aliingia na harufu ya tumbaku na theluji inayoyeyuka, kipande cha soseji mkononi. Alikuwa mtu mchangamfu, mjini walimpenda.

"Nimesikia Ihle amerudi," alisema kabla hajaketi. "Yule aliyelipoteza kasri."

"Alilipoteza vipi?" Anselm aliuliza, ingawa hadithi hiyo aliijua.

"Ah, Bwana Brodhag, umekaa na picha hii miaka yote hukuona? Tazama kule juu, nyuma ya miti. Kasri la Mtawala liko kushoto kwa kanisa. Sasa nenda msituni. Simama unapotaka, panda juu ya mti ukipenda. Kasri liko kulia." Alicheka, akatafuna. "Mzee alikuwa amelewa. Bibi yangu alikuwa akisema, Ihle akiongeza bia moja, Mtawala ataamka ng'ambo ya mto."

"Na kulungu je? Alimchora sawasawa?"

"Huyo ndiye mwenyewe. Unywele kwa unywele."

"Wewe umemwona akiwa hai?"

"Mara ngapi! Kwa darubini, karibu kama ulivyo wewe hapo."

"Kisiki kilikuwa upande gani?"

"Kushoto," Zinck alijibu bila kusita.

"Kushoto kwake, au kushoto kwa anayemtazama?"

"Kushoto kwake. Niliapa mbele ya Hakimu, na ukitaka nitaapa tena. Kwani kuna nini?"

"Mtawala atataka maelezo pamoja na sanduku. Tia sahihi hapa, halafu kamalizie soseji yako."

Zinck akatia sahihi, akaondoka akipiga mluzi.

Anselm alichukua koti, akateremka hadi darajani. Msitu ulikuwa nyuma yake, mji mbele yake. Kanisa, na kulia kwake kasri. Alipita hapo kila siku. Alikuwa ameisikia hadithi ya ulevi wa Ihle kwa miaka mingi, akaicheka pamoja na wengine, na hakuna hata siku moja aliyojiuliza kwa nini mlevi aliyekosea kasri zima hakukosea hata jani moja la mwaloni.

Aliporudi mezani lakiri ilikuwa imeshapoa. Akaiyeyusha upya juu ya kamba ya sanduku, akachukua muhuri wa mahakama, na kabla ya kuukandamiza akauangalia kama kitu kigeni. Tai wa kwenye shaba alitazama kushoto. Alimkandamiza, akainua. Tai wa kwenye lakiri alitazama kulia.

Alirudia mara mbili, kwenye kipande cha karatasi, ingawa hapakuwa na haja.

Aliyechonga muhuri alijua kazi yake: alichonga kinyume ili chapa itoke sawa. Lakini kama mtu angechonga kile anachokiona, jinsi anavyokiona, kasri lingehama. Mto ungehama. Kila kitu kingehama, na mji mzima ungeliona kasri tu, kwa sababu kasri walikuwa nalo dirishani. Kulungu hawakuwa naye dirishani. Kulungu walikuwa naye ukutani.

Alivunja muhuri aliokwisha kuupiga, akatoka mbio hata akasahau kofia.

Ihle alikuwa ameketi kwenye kona ya Dubu Mweusi, bakuli la supu ya dengu mbele yake, furushi katikati ya miguu.

"Mzee Ihle," Anselm alisema akihema, "wewe hukuwa umelewa."

Kijiko kikasimama hewani. "Miaka kumi na moja nangoja mtu aniambie hivyo. Kaa chini, kijana."

"Bamba ulilochapia picha liko ndani ya furushi hilo?"

"Liko. Silali mbali nalo." Mzee alisukuma bakuli. "Wenzangu huchora kwenye karatasi, hurudi nyumbani, hugeuza kwa kioo, ndipo huchora kwenye shaba. Mimi nilipaka shaba nta, nikaibeba msituni, nikachora kwa sindano yeye akiwa mbele yangu. Nilijua itatoka kinyume. Sikujali. Sikutaka kitu chochote kikae kati yangu na yeye, hata kioo."

Alifungua kamba, akakunjua ngozi, kisha kitambaa cha pamba. Anselm aliona kwanza wekundu wa shaba tu, kama sufuria iliyosuguliwa. Mzee akaliinamisha bamba kuelekea dirishani. Mwanga ukaingia kwenye mikwaruzo myembamba kuliko nywele, na kulungu akatokea, ameng'aa kuanzia kwato hadi ncha za pembe, kana kwamba mtu amemwasha kwa ndani. Akaliinamisha tena, kulungu akatoweka. Mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa akipita na vikombe, alisimama, akasahau alikuwa akienda wapi.

"Tena," Anselm aliomba kwa sauti ndogo.

Safari hii alitazama kama mpelelezi. Kasri lilikuwa kulia. Kisiki kilikuwa juu ya jicho la kulia la mnyama.

"Aliyetengeneza kile kichwa hakuwahi kumwona Babu," Anselm alisema. "Alitafuta kichwa cha kulungu mwingine mkubwa, akakata tawi, na akakata upande aliouona kwenye picha."

"Sasa unajua ninachojua mimi."

"Babu yu hai?"

"Sijui. Nilikuja nikidhani amekufa. Sasa ninajua tu kwamba yule wa sandukuni siye."

Anselm alishika kichwa chake kisichokuwa na kofia. "Bamba peke yake halitatosha. Zinck atasema mlevi aliyekosea kasri alikosea na kisiki. Nahitaji Babu mwenyewe. Nipeleke, mzee."

Ihle alilifunika bamba taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Mkuu wa misitu wa Mtawala amemtafuta kwa mbwa na kwa farasi, hajampata. Hata Zinck hajampata, ndiyo maana alilazimika kumtengeneza. Mahali pale tunapajua Veit na mimi. Veit angeweza kumpeleka Hakimu akamwonyesha, akaachiwa. Hujajiuliza kwa nini hakufanya hivyo?"

 Anselm alikumbuka jinsi Veit alivyokaa kizimbani, mikono myeusi magotini, na kila alipoulizwa habari za Babu akisema tu, sikumuua, sikumuua.

"Nitakupeleka," mzee aliendelea. "Lakini uahidi. Hutamwonyesha mtu mahali pale. Si kwa neno, si kwa mchoro, wala kwa ncha ya ukucha."

"Naahidi."

"Mnaahidi upesi ninyi vijana."

"Hata nikikawia nitaahidi hilohilo."

Mzee alimtazama, akacheka kidogo puani, akampa mkono.

Waliondoka asubuhi ya Alhamisi. Njia waliyoifuata haitaelezwa hapa. Ilikuwa mbaya, na theluji ilikuwa bado imejificha vivulini, na mzee wa miaka sabini alitembea mbele bila kupumzika huku Anselm akijikwaa nyuma yake.

"Na hilo kasri?" Anselm aliuliza wakati mmoja. "Kama linaonekana kutoka bwawani, si mtu yeyote angeweza kupima mwelekeo wake na kupapata mahali?"

"Halionekani. Nililichora nikiwa njiani kurudi, juu ya kilima kingine. Kulikuwa na uwazi angani, nikauziba."

"Kumbe wewe mwongo."

"Msanii," alisema Ihle. "Shika lile tawi, lisinipige."

Kisha mzee akaweka kidole mdomoni.

Anselm alisukuma matawi, akasimama. Alipajua mahali hapo. Alikuwa amepatazama kila siku ya kazi kwa miaka: mwaloni, mwamba uliopasuka kama mkate, mzizi uliopinda majini. Lakini mwaloni uliokuwa kushoto ulikuwa kulia, na mwamba umehama ng'ambo, na maji yaliyokuwa yakitiririka kuelekea mkono huu yalitiririka kuelekea ule. Ilikuwa kama ameingia ndani ya karatasi, akapita katikati yake, akatokea upande wa nyuma ambako vitu huanzia. Na kulikuwa na kile ambacho karatasi haikuweza kubeba. Harufu ya majani yaliyooza, ubaridi uliopanda kutoka majini, ndege mmoja akigonga shina mbali kabisa. Mwaloni ule ulikuwa mnene hata watu wanne wasingeweza kuukumbatia.  

Walilala kifudifudi nyuma ya gogo. Jua lilipanda. Majike walikuja kwanza, watatu, wakanywa, wakapita.

Halafu sehemu ya msitu ikatembea.

Ndivyo Anselm alivyoona. Kitu kilichokuwa kichaka kilikuwa mnyama, mkubwa kuliko farasi wa posta, manyoya ya shingo yakining'inia kama koti lililolowa. Mdomo ulikuwa umekuwa mweupe kwa uzee. Alitembea pasipo kuvunja hata kijiti. Na kichwani alikuwa na pembe moja tu, ya kushoto, nzima, na tawi lake la kwanza likichomoza juu ya jicho kama kidole kinachoonyesha njia.

Mkono wa Ihle ulimshika Anselm kwenye kiwiko. Mzee alikuwa amevua kofia.

Babu alikunywa. Kisha akainua kichwa, maji yakidondoka, akawatazama. Alikuwa ameinua hivihivi miaka kumi na moja iliyopita. Ndivyo alivyokuwa akiinua kila siku juu ya meza za Lauterau, watu wakila viazi. Pumzi yake ilitoka kama moshi. Anselm hakupumua. Alihisi, kwa muda ule, kwamba yeye ndiye anayechorwa.

Kulungu aligeuka, akaurudia msitu, na msitu ukamfunika.

"Machi," Ihle alinong'ona, macho yamejaa. "Machi huvua taji. Ya kulia imeshaanguka. Twende, haiwezi kuwa mbali, alama zake bado zina maji."

Walifuata kwato kinyumenyume, kule alikotokea. Ihle aliipata karibu na mti ulioanguka, mahali mnyama alipolazimika kuruka. Ilikuwa imelala kwenye kuvumwani, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Kitako chake kilikuwa na damu ambayo haijakauka. Juu ya kitako hicho, pale ambapo tawi la kwanza lilipaswa kuwa, palikuwa na kisiki cha mviringo, laini, kilichoota hivyo.

"Kiangazi ataota nyingine," mzee alisema, "na kisiki palepale. Ana jeraha la zamani kwenye mzizi." Akamtazama Anselm akiinama. "Pembe iliyoanguka nayo ni mali ya Mtawala. Ukiiokota, nawe mwizi."

"Naiokota kwa niaba ya mahakama."

"Ndivyo wanavyosema wote," mzee alisema, lakini alikuwa akitabasamu.

Ijumaa asubuhi Hakimu Dietmar aliwapokea akiwa ameweka mguu wake wenye jongo juu ya kiti. Zinck alisimama kando ya jiko. Veit aliletwa na minyororo ya mikono, weusi wa makaa usiotoka kwenye kucha zake hata baada ya miezi miwili ya gereza. Mezani kulikuwa na kichwa, picha iliyotolewa ukutani, na bamba la shaba. Anselm alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye koti lake.

"Bwana Zinck," alisema, "umetia sahihi kwamba ulimwona Babu akiwa hai, na kisiki kushoto kwake."

"Kweli tupu."

"Kichwa hiki kina kisiki kushoto. Picha hii ina kisiki kushoto. Lakini picha ni chapa, Mheshimiwa, kama lakiri chini ya muhuri. Bamba ndilo lililokuwa msituni." Akaliinamisha mbele ya dirisha. Hakimu akasogea, akasahau mguu wake. "Hapa kasri liko kulia, mahali pake. Na kisiki kiko kulia."

"Mlevi alikosea mara mbili," Zinck alisema.

Anselm alikunjua koti. Pembe iligonga meza kwa uzito wake.

"Hii nimeiokota jana. Gusa kitako, Mheshimiwa. Nilimwona aliyeivua kwa macho yangu, naapa. Ni pembe ya kulia, na ina kisiki."

"Yu hai?" Aliyeuliza alikuwa Veit. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Yu hai, Kressel."

Veit alifunga macho. Hakuuliza kuhusu minyororo.

"Ni kulungu mwingine huyo," alisema Zinck, lakini uchangamfu ulikuwa umetoka sautini mwake. "Kila mtu anajua kisiki ni kushoto."

"Ndiyo. Kila mtu mwenye ukuta." Anselm alimgeukia. "Hakuna aliyewahi kuona kisiki kushoto msituni, maana hakijawahi kuwa kushoto. Kushoto kipo mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi. Darubini yako ilikuwa ikitazama meza yenu ya chakula."

 Hakimu alitoa kitambaa mfukoni, akakitia mate, akasugua kisiki cha kwenye kichwa. Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia ya maganda ya jozi. Akasugua tena. Chini ya rangi, pembe ilikuwa nyeupe, na juu ya weupe kulikuwa na mistari ya msumeno.

"Miezi miwili kimekaa mezani kwetu," alisema taratibu. "Hakuna aliyekisugua."

"Kilifanana na picha, Mheshimiwa."

"Nilisema," Veit alisema. "Nilisema kwamba nilimwona Zinck akiuza mialoni ya Mtawala ng'ambo ya mpaka. Mkasema natapatapa."

Zinck alitazama mlango. Mlinzi alikuwa ameshasimama mbele yake. Wakamfungua Veit, na ile minyororo haikukaa bure hata dakika moja.

Jumamosi gari la Hohenfels liliondoka na askari wa msitu. Veit alikuwa amesimama darajani na mkewe, wakigawana mkate uleule wa kwenye kitambaa, wakalitazama mpaka likapotea.

Wiki iliyofuata Hakimu alimwita Anselm peke yake. Mezani palikuwa na kahawa, barua yenye muhuri mwekundu, na ramani ya misitu yote ya Lauter.

"Kaa, kaa. Mtawala amefurahi mno. Anasema Babu amefufuka." Hakimu aligonga barua. "Kiti katika Mahakama Kuu, mji mkuu. Wewe, mtoto wa mfinyanzi. Mimi nilikingoja kiti hicho miaka ishirini sikukipata. Oktoba Mtawala atakuja kuwinda mwenyewe, na mkuu wa misitu anataka kujua mahali."

"Nimeahidi, Mheshimiwa."

"Umemwahidi nani?"

"Mzee Ihle. Na nadhani Veit pia, ingawa hakuniomba."

"Mchora wanyama na mchoma makaa." Hakimu hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayejaribu kupima uzito wa kitu. Akaikunjua ramani, akaisukuma mbele. Ilikuwa nzuri, kila kijito kimechorwa kwa wino wa buluu. "Sawa. Sikuambii useme. Umeahidi kutosema, usiseme. Mimi nitatazama dirishani. Wewe weka kidole tu."

Akageuza kiti chake, kwa shida, kwa ajili ya mguu.

Anselm aliitazama ramani. Macho yake yenyewe yalipanda kijito kabla hajayazuia. Pale. Mahali padogo kuliko punje ya dengu, pasipo na jina. Karibu napo barua ilikuwa imelala, na alilisoma jina lake juu yake, limeandikwa kwa mwandiko wa watu wa mji mkuu.

Akaweka mikono yake nyuma, akaishikanisha.

Hakimu alingoja. Kahawa iliacha kutoa moshi. Hatimaye akageuka, akaiona ramani, akaiona mikono iliyofichwa mgongoni.

"Hata ncha ya ukucha?" aliuliza.

"Hata hiyo, Mheshimiwa."

Hakimu alikunja ramani, kunjo kwa kunjo. Akaichukua barua, akaishika kidogo kama anayempa nafasi ya mwisho, akaitia ndani ya moto wa jiko. Muhuri mwekundu ulichelewa kuyeyuka.

"Kunywa kahawa yako," alisema. "Imeshapoa."